Mpira Hupigiwa Hodi

Nyinyi watoto wa Jumamosi, mnaokuja kufanya mazoezi nami pale Ingleburn mkiwa na glavu zinazong'aa kuliko sahani za harusi, vueni kwanza hizo glavu, kisha msome.

Kilichonikalisha kuandika ni swali la Neema, binti wa dada yangu. Jumamosi iliyopita, tukiwa tumekaa kwenye nyasi, alinitazama huku akitafuna chipsi akaniuliza, "Uncle, were you actually good?" Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba aiulize dunia. Akatoa simu, akaiuliza dunia palepale, akasema, "There's like one photo, na uko chini." Ni kweli, katika picha ile niko chini. Lakini mpira uko kifuani mwangu, na aliyeko juu yangu ni jitu la kutisha lililokuwa linalipwa ili mpira ule usinifikie. Hilo Neema hakuliona, kwa sababu alikuwa ameshageukia video ya paka.

Basi nawaandikia. Kwa wale ambao wazazi wenu bado wanadhani nilicheza soka: mpira wangu ni ule wa Wamarekani, wenye umbo la yai, ambao miguu haiugusi ila mara mojamoja. Mtu mmoja, mrushaji, anasimama nyuma na mpira. Wanaume wanene wanamzunguka wasije wengine wakamvunja. Mimi nasimama mbali pembeni, nakimbia, nakata kona, na mpira ukija, naudaka. Mdakaji, ndiyo kazi yangu. Upande wa pili kuna mlinzi mmoja ambaye ameajiriwa kuniharibia maisha. Hiyo ndiyo kazi yote, na niliifanya kwa mshahara kule Amerika mpaka magoti yalipogoma. Katika kazi hii mtu wa miaka thelathini na mitano anaitwa babu, wala hapewi hata kiti. Watu wanaojua mpira husema nilikuwa mdakaji mkubwa. Sikatai. Mama yangu alinikataza kusema uongo.

Sasa, hizo glavu. Glavu za siku hizi zina utando unaonata, hata kibogoyo wa mikono anaweza kudaka kwa kiganja kimoja, na nyinyi ndicho mnachokipenda, mkono mmoja, kisha mnageuka kuona nani amerekodi. Sisi tulidaka kwa macho. Mpira una pua, ile ncha ya mbele. Iangalie pua hiyo mpaka iingie mikononi, usihamishe jicho kwenda kumtafuta mlinzi, maana mlinzi atakuja tu, hahitaji kualikwa. Mpira ukija juu ya kifua, vidole gumba vikae karibu karibu. Ukija chini ya kitovu, geuza mikono, vidole vya mwisho ndivyo vikaribiane. Mkichanganya, mpira utawabusu puani, kama ulivyombusu Neema mwezi uliopita na akaniambia jua lilikuwa machoni. Siku hiyo kulikuwa na mvua.

Mimi kudaka nilifundishiwa ghalani, hapahapa Ingleburn, si mbali na uwanja mnaochezea. Tulipofika Sydney kutoka kambi ya wakimbizi nilikuwa kijana mrefu mwenye Kiingereza cha kuombea maji, na kazi niliyoipata ilikuwa kupakua makontena yanayotoka bandari ya Port Botany. Siku zile katoni zilikuja zimepangwa ovyo hadi darini. Mwenzangu Sione, Msamoa mwenye mabega kama mlango, alipanda juu kabisa ndani ya kontena na kunirushia katoni, nami nazipokea chini na kuzipanga. Siku yangu ya kwanza nilipokea katoni ya sahani mikono ikiwa imekakamaa. Mlio uliotoka humo ndani nausikia mpaka leo. Sione alishuka, akaitikisa katoni sikioni, akaniambia kwa upole kwamba sasa ni mchezo wa kuunganisha vipande.

Kisha akanionyesha. Usikisubiri kitu kikugonge. Kifuate kidogo kinakoelekea, viwiko vilegee, magoti yalegee, kipokee kama unavyopokea mtoto aliyelala kutoka mgongoni mwa mama yake. Akiamka, umekosea. Baada ya miezi michache nilikuwa nadaka katoni za bilauri bila hata moja kulia. Sione alikuwa anacheza mpira wa yai siku za mapumziko kwa kupenda tu, na timu yake haikuwa na mdakaji. Alinitazama nikidaka, akatazama urefu wangu, akaniuliza kama najua kukimbia. Nikamwambia nimetoka Kivu, nimekimbia sana. Tulicheka wote wawili, ingawa si kwa sababu moja.

Watoto, adabu ya nyumbani kwetu mnaijua, hata kama mnaijibu kwa Kiingereza. Mtu mzima humpi kitu kwa mkono mmoja. Unapokea kwa mikono miwili na unapinda goti kidogo. Mimi adabu hiyo niliingia nayo uwanjani. Hata Amerika, nikishadaka, nilimrudishia refa mpira kwa mikono miwili na kuinama. Marefa walinipenda sana. Lakini msimu wangu wa kwanza watangazaji waliniona nikiinama kila mara wakaanza kujadili afya yangu, na Jumatatu daktari wa timu akaniita, akanilaza kifudifudi, akanibonyeza uti wa mgongo mfupa kwa mfupa. Nilimweleza kwamba ni heshima tu. Akaandika kwamba nipumzike.

Kwa hiyo adabu haikuniharibia kazi. Ila karibu ininyime hiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize.

Wamarekani walikuja Sydney kutafuta mtu mmoja. Si wawili. Walikodi uwanja kwa wiki mbili wakaita vijana wengi, wacheza ragbi, wakimbiaji, warukaji, na Sione akanisukuma na mimi. Mwisho wa wiki ya pili mmoja angepanda ndege kwenda kujifunza mpira kwenye timu ya wanaolipwa, na wengine wote wangerudi walikotoka. Mimi nilikotoka ni kwenye kontena. Niseme wazi, nilikitaka sana kiti kile cha ndege. Tangu tutoke kambini sikuwahi kutaka kitu namna hiyo, kwa sababu kambini mtu hujifunza kutotaka. Unapanga mstari, unapewa, unashukuru.

Mrushaji waliyekuja naye aliitwa Dalton. Alikuwa amecheza miaka mingi, ndevu zimeanza mvi, na mimi nikamhesabu kuwa mzee, ingawa pengine hakuwa amefika arobaini. Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Josh, mcheza ragbi kutoka upande wa pwani, mwenye nywele za rangi ya majani makavu na sauti ya mnadani. Josh akikimbia, alipiga kelele tangu hatua ya kwanza. "Here, mate! Here!" Hata akiwa na walinzi wawili mgongoni, bado alisema yuko huru. Na mipira alipewa.

Mimi nilikimbia kuliko Josh. Nilikata kona mlinzi akabaki anazungumza na upepo. Nilijikuta peke yangu, majani matupu kila upande, mahali ambapo hata bibi angenirushia mpira na ungefika. Nikasimama pale, nikainamisha kichwa, nikaangalia njumu zangu, nikangoja nipewe. Ndivyo nilivyolelewa. Mkubwa hatazamwi machoni. Mtoto hanyooshi mkono kabla sahani haijamfikia. Dalton alitazama upande wangu, akaona utosi wa helmeti, akamrushia Josh. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ya kwanza ikapita, na mipira niliyodaka ni ile iliyomponyoka Josh.

Siku ya kuamkia ya mwisho Dalton aliniita pembeni.

"Hivi wewe unautaka huu mpira?" akaniuliza.

"Yes, sir," nikaziambia njumu zangu.

Alingoja. Nadhani alingoja niinue uso. Kisha akaondoka, na nikamsikia akimwambia kocha kwamba nina mbio kweli, lakini namkimbia yeye, najificha. Mimi, niliyekuwa nimesimama mahali peupe wiki mbili nzima, najificha. Kwenye treni ya kurudi nyumbani Auburn nililia kidogo, nikiwa nimegeukia dirisha, na mama mmoja wa Kituruki aliyekaa mbele yangu akanipa tende bila kuuliza kitu.

Mama yangu alikuwa jikoni anapika sombe, yaani kisamvu. Mnamjua bibi yenu, hajambo kwa maneno. Hata mlango sikuwa nimeufunga vizuri.

"Weye, uko na sura ya mutu aliyefiwa. Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Yule mrushaji hanipi mpira. Kesho ni mwisho."

"Ulimuomba?"

"Mama, ni mkubwa. Namngojea anipe."

"Unangojea wapi?"

"Nasimama mahali pazuri, peke yangu."

"Na unasema nini?"

"Sisemi kitu."

"Unamuangalia?"

"Naangalia chini. Kama ulivyonifundisha."

Mama aliweka mwiko juu ya mfuniko. Nilidhani atanisifu.

"Bon. Mutu anaingia kwenye lupango ya batu. Hasemi kitu. Anasimama pembeni, anainamisha kichwa, anangojea. Ule mutu batu banamwita nani?"

"Mgeni," nikasema.

"Mwizi," akasema mama. "Banamwita mwizi. Na banamufukuza."

Nikamwambia lupango ni ua wa nyumba ya mtu, na yangu ni mambo ya mpira. Kabla hajanijibu, kwenye korido ya ghorofa yetu ikasikika sauti ya Mama Furaha, jirani, aliyekuwa haishi kuazima ile sufuria yetu kubwa. "Hodi, hodi humu ndani!" Mama akaitika, "Karibu!" kwa sauti iliyofika hadi mtaa wa Parramatta, kisha akanigeukia, akaniangalia tu. Mama Furaha akaingia, akasalimia, akachukua sufuria, akatoka bila kujua kwamba alikuwa amekuja kufundisha.

"Umeona?" akasema mama. "Anataka sufuria. Hakusimama kimya kwenye mlango akiangalia miguu yake. Alipiga hodi. Hodi njo adabu yenyewe. Mwenye nyumba atafungua namna gani, kama hajui uko inje? Unapiga moja, mbili, tatu. Ya tatu bila jibu, unarudi kwako, hakuna mutu atakucheka. Lakini kurudi hata moja haukupiga, ile njo haya."

Kisha akanipa sombe, tukazungumza mambo ya kanisa.

Kesho yake nilifika uwanjani na hodi tatu mfukoni. Ya kwanza niliipiga vibaya. Nilikimbia, nikakata, nikainua mkono, nikaita "Hodi!", na sauti ikatoka kama ya mwanambuzi. Dalton alishtuka, akabaki na mpira mkononi mpaka kocha akapuliza filimbi. Josh akaniuliza kama nimeumia.

Ya pili niliipiga kwa kifua. Safari hii niliinua na uso, nikamtazama Dalton machoni, yule mzee, moja kwa moja. Nilisikia aibu, lakini sikushusha kidevu. Naye aliniona, hilo nina hakika. Tatizo ni kwamba na walinzi walinisikia, uwanja mzima ulinisikia, na kabla mpira haujatoka, wawili walikuwa wameshanikumbatia. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nawapigia kelele kila Jumamosi. Hodi unampigia mwenye nyumba, huupigii mtaa. Mrushaji ajue, mlinzi asijue. Ukishaanza kukimbia, funga mdomo, tuliza macho, na mikono iache chini hadi mpira ukaribie kabisa. Mlinzi hauoni mpira, anasoma mikono yako na macho yako. Ni kama kwenye sherehe sahani ya kuku inapozunguka. Anayelikodolea paja macho tangu mbali ndiye anayenyang'anywa.

Ikabaki ya tatu. Kabla ya mchezo uliofuata kuanza nilitembea mpaka aliposimama Dalton. Nikainua kidevu. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Sir. Hodi."

"Ndiyo nini hiyo? Umeisema asubuhi nzima."

"Kwetu ni neno la mlangoni. Nitakata kona nyuma ya mlinzi wa Josh. Patakuwa peupe. Nautaka huo mpira."

Alinitafunia chingamu usoni kwa muda. "Na mwenye nyumba anajibu nini?"

"Akinitaka, anasema karibu. Asiponitaka, hasemi kitu."

Hakusema kitu. Alivaa helmeti yake, akarudi mahali pake.

Mnaelewa nilivyokuwa? Hodi tatu zimekwisha, jibu hakuna, na kwa sheria ya mama yangu napaswa kwenda zangu. Nikakimbia tu kwa sababu miguu ilikuwa imeshaanza. Nilimpita Josh aliyekuwa anapiga mnada wake, nikashusha kiuno, nikakanyaga, nikageuka. Mpira ulikuwa umeshaondoka mkononi mwa Dalton. Aliurusha kabla sijageuka, kabla hata hapajawa peupe, mahali ambapo hapakuwa na mtu, kwa sababu nilimwambia nitakuwepo. Wadakaji wakubwa ndio hurushiwa hivyo. Niliiona pua ya mpira. Niliacha mikono chini, chini, kisha nikaipandisha, vidole gumba vikakaribiana, viwiko vikalegea, na mpira ukalala mikononi mwangu wala haukuamka.

Asubuhi ile iliyobaki Dalton hakumrushia mtu mwingine ila alipochoka kuniona. Mchana wakasoma jina. Josh ndiye aliyenifikia wa kwanza, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia, akasema, "Good on ya, mate." Leo ana duka la mbao za kuteleza mawimbini na bado anapiga kelele akiwa na lolote la kukuambia. Dalton alinipa mkono. Nikaupokea kwa yangu miwili, nikapinda goti. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Najua mtasema hadithi hii haiwahusu. Nyinyi mnanitazama machoni bila kupepesa, na kuomba ndiyo kazi yenu. "Uncle, ball. Uncle, water. Uncle, can I get a lift?" Sawa. Lakini nimewaona pia mkiwa kwenye mazoezi ya timu za watu, mbele ya makocha msiowajua, mnavyojikunja. Nimemwona Neema, mwenye mdomo wote huu, akisimama peupe bila kusema kitu, akingoja aonekane. Wiki ijayo ana majaribio yake. Ndiyo maana nimemfanya asome mpaka hapa.

Na kuna jambo moja sikuwahi kulisimulia pale uwanjani, kwa sababu nikilisimulia kwa mdomo nitalia, na nyinyi hamtaacha kunicheka.

Siku ile niliposomwa jina nilipanda ngazi za ghorofa yetu Auburn nikiruka. Mama alikuwa mezani na ungo, anachambua mchele. Nikamwambia. Akauliza huko wanakula nini. Akauliza kama kuna kanisa, kama kuna baridi. Nikajibu yote, maneno yakigongana. Kisha akauliza ni kwa muda gani.

"Sijui, mama. Wakinipenda, miaka mingi."

Akasimamisha mikono juu ya mchele. Mimi nilikuwa nimeweka macho sakafuni, kama kawaida yangu mbele yake.

"Unaniambia, ama unaniomba?" akauliza.

"Nakuomba."

"Basi omba vizuri."

Akanishika kidevu kwa vidole vyenye vumbi la mchele, akakiinua. Maisha yangu yote sikuwahi kumtazama mama yangu hivyo, macho kwa macho. Sikujua kwamba jicho lake la kushoto lina alama ndogo nyeusi pembeni. Nilimpenda mpaka nikaogopa. Nikamwambia, "Mama, nataka kwenda."

"Enda," akasema.

Kisha yeye ndiye aliyeinamisha macho, akayarudisha kwenye ungo, akaendelea kutafuta mawe, ingawa mchele wa huku hauna mawe.